Kopo la Kununulia

Kibuye, Jumapili, jua halijapanda mabati,
nimeshabonyeza vitako vya gorogoro kumi na moja.
Shilingi ishirini kila moja.
Naligeuza kopo, naliegemeza kwenye kipande cha reli,
nyundo mara tatu, si nne,
kitako kinaingia ndani kama tumbo la mwenye njaa,
vidole vitatu kamili.

"Vitatu ndiyo desturi ya hapa," asema Apondi wa mahindi.
"Luanda wanabonyeza viwili, lakini hawajazi kilemba.
Ahero hawabonyezi, ila mchele wao una mchanga.
Kila soko na kipimo chake, fundi. Gonga."

Nami nagonga.

Shemeji yangu Lusweti anasoma Maseno.
Likizo huikalia ndoo iliyopinduliwa, ananitazama nikichomelea,
ananiambia hakuna haki inayoelea angani kama mwezi
ikimulika Kisumu na Chwele sawasawa;
haki hupikwa nyumbani, kila jiko na chumvi yake.
Nilimwamini. Ningemkanaje?
Babu yangu aling'olewa meno sita ya chini ndipo akaitwa mtu.
Babu yake Lusweti alisimama alfajiri,
matope ya mto yakimkaukia mwilini,
akakatwa bila kupepesa jicho,
kisha maisha yake yote akawacheka wenye mapengo.
Na wenye mapengo wakamcheka yeye.
Wote wawili walizikwa kwa heshima.

Basi nikasema: na kopo nalo ni hivyo hivyo.

Mpaka Alhamisi moja, mvua ya ziwani ikichapa mabati,
Apondi akaniletea kopo jingine
lenye uzi mwekundu shingoni.
"Hili ni la kwendea Chwele, kwa wakulima.
Hili lisukume nje, fundi. Kitako kitokeze kidogo,
wasione."

Nyundo ilikuwa tayari mkononi.
Mkono ukagoma hewani, ukahesabu:
miaka kumi na minne, makopo sijui mangapi,
Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Mnubi mmoja wa Kibos,
na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea
kopo lake la kununulia
akaniambia: libonyeze.

Desturi gani hii, inayosahauliwa na mwenyewe
akihamia tu upande wa pili wa meza?

Wahenga walilisema la mkuki na nguruwe.
Mimi sijawahi kuwinda. Najua bati.

Jioni hiyo mke wangu Nasimiyu alirudi na mahindi.
Tukayamimina katika kopo la nyumbani,
lile nililomtengenezea mwaka tuliooana,
kitako chake sawa kama meza.
Likabaki pengo.
Nikatia vidole: kimoja, viwili, vitatu.
Niliutambua mkono wangu.
Nasimiyu akamlaani mwizi kwa Kibukusu,
mama akamlaani kwa Kijaluo,
nami katikati yao sikuhitaji mkalimani.
Nilikula ugali kimya. Tonge la mwisho nikamwachia mtoto.

Sisemi nimeuona huo mwezi.
Lusweti akirudi atanishinda kwa maneno, ana vitabu.
Kilemba, chumvi, meno, hayo pengine ni ya kwao na ya kwetu,
na yabaki hivyo, sina ugomvi nayo.
Lakini lile pengo la vidole vitatu
nalitafutia kabila hadi leo, silipati.

Jumapili Apondi akaja na makopo manne.
Nikamwambia nyundo imeazimwa, iko Manyatta.
Nilikuwa nimeikalia.
Akanitazama, akaitazama ndoo,
akaenda kwa fundi wa pili, ambaye hutoza kumi na tano.

Na uongo ule wa nyundo
sijui niupime kwa kopo lipi.